"Ni uzee tu huo": tunavyojidanganya mtu wetu anapoanza kupoteza maneno

Mama mkubwa wangu alikuwa muongeaji, ukikaa nae barazani hupati hata upenyo wa kuchomeka neno. Halafu ikaanza nanihii. "Nipe ile nanihii ya kupakulia," kumbe anataka upawa. Tukacheka na yeye akacheka, mwaka mzima tunacheka, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo kwa sababu kumbe ule ulikuwa ugonjwa. Unaitwa afasia inayoongezeka taratibu, madaktari wanafupisha PPA kutoka Kiingereza, primary progressive aphasia, na ni aina ya dimensia, yaani akili kudhoofika kwa ugonjwa wa ubongo, inayoanzia kwenye lugha. Haya ndo tuliyokuwa tunaambiana nyumbani, na ukweli wake.

"Ni uzee, kila mtu anasahau maneno." Kukwama jina la mtu ni kawaida, linakujia baadae ukiwa unaoga. Hapa maneno ya kila siku yanapotea moja moja na hayarudi, na baada ya miezi kadhaa hali imezidi. Na sio ugonjwa wa vikongwe tu, wengi inawaanza kwenye umri wa miaka ya 50 na 60, mtu bado yuko kazini. Bruce Willis, yule muigizaji wa Marekani, familia yake ilitangaza kwamba ana afasia Machi 2022 akiwa na miaka 67, na Februari 2023 wakasema imejulikana ni dimensia ya sehemu za mbele na pembeni mwa ubongo.

"Atakuwa kapata kiharusi." Kiharusi hakipigi hodi. Mtu alikuwa anaongea vizuri asubuhi, mchana ulimi mzito, mdomo umeenda upande, huyo mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo msisubiri kesho. PPA inanyemelea. Sisi mama mkubwa alipigwa CT skani ya kichwa tukaambiwa hana kitu, tukarudi nyumbani tumefurahi, kumbe mwanzoni ubongo unakuwa umesinyaa kidogo tu upande wa kushoto na picha ya MRI, ile ya sumaku, ndo inaonyesha vizuri zaidi.

"Dimensia gani wakati anakumbuka kila kitu?" Hii ndo ilituchelewesha kuliko zote. Mama mkubwa alikuwa anajua nani anamdai na nani anadaiwa, sokoni anaenda na kurudi mwenyewe, chenji hadanganywi. Ila mwaka 1982 daktari Marsel Mesulam huko Marekani alieleza wagonjwa 6 wa namna hiyo hiyo, lugha inaisha taratibu miaka na miaka huku kumbukumbu na akili nyingine ziko sawa. Mambo mengine huja kuharibika baadae, ila mwanzoni ni lugha.

Tangu 2011 wataalamu wanaigawa PPA kwenye aina 3. Kuna anayeongea kwa kujikakamua, sauti zinapinda, sentensi fupi zimevunjika. Kuna anayesimama simama kutafuta neno, ukimwambia arudie sentensi ndefu anashindwa. Na kuna kama mama mkubwa, maneno yanamiminika, matamshi safi kabisa, ila maana inayeyuka. Siku moja nikamwambia leo tunapika bamia, akaniangalia akauliza, "Bamia ndo nini?" Hakusahau jina, neno lenyewe lilikuwa halimwambii kitu tena. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Kipimo ni kipimo, popote ni kilekile." Hapana jamani, na hapa nitasema sana. Vipimo vingi vya lugha vimetungwa kwa Kiingereza. Kile maarufu cha kutaja picha, Boston Naming Test, kina picha ya igloo, ile nyumba ya barafu, sasa bibi wa Tanga akishindwa kuitaja utasema ubongo wake mgonjwa? Na wazungu wana njia ya kumgundua mgonjwa kama mama mkubwa kwa kumsomesha maneno yasiyotamkwa kama yanavyoandikwa. Kiswahili tunasoma kama tulivyoandika, kwa hiyo mtego huo kwetu haunasi, mtu atasoma ukurasa mzima vizuri na haelewi alichosoma. Muombeni daktari amuulize kwa lugha anayoota nayo, ampe kijiko, kufuli, mbuzi ya kukunia nazi, aulize hiki ni nini na kinafanya kazi gani.

"Haina dawa, kupima ni kupoteza hela." Dawa ya kuuponya hakuna, kweli. Lakini kuna vitu vya kutibika vinavyofanana nao, matatizo ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, upungufu wa vitamini B12, kaswende, sonona, hata masikio kutosikia vizuri tu, huwezi kujua bila kupima. Mtaalamu wa tiba ya lugha anasaidia kutengeneza daftari la picha za vitu na watu wa nyumbani. Na mambo ya shamba, benki, wosia, yanatakiwa kuongelewa wakati mwenyewe bado anaweza kusema anachotaka.

Ukienda kwa daktari beba simu yako. Mimi nilikuwa na voisi noti mbili za mama mkubwa, zote ananielekeza pilau, miaka mitatu katikati. Ya kwanza anataja iliki, karafuu, mdalasini, bizari, pilipili manga, hapumui. Ya pili sauti ni ileile, kasi ileile, "unatia ile, halafu na ile nyingine, ukimaliza unatia ile." Daktari akaisikiliza hiyo ya pili mara mbili, ndo akaandika MRI.