Je, wajua kwa nini jino lililotibiwa mzizi hupasuka hata likizibwa kwa dawa ngumu?

Gego limetibiwa mzizi, maumivu yamekwisha, limezibwa vizuri. Miezi kadhaa baadaye mwenyewe anauma kijiwe kwenye wali na upande mmoja wa jino unakatika. Lawama ya kwanza huiendea dawa ya kuzibia: "Waliniwekea hafifu." Ukiangalia kwa karibu, mara nyingi dawa iko palepale, nzima. Kilichovunjika ni ukuta wa jino.

Wengi huamini kwamba jino lililotolewa neva hukauka na kuwa jepesi kuvunjika. Vipimo vya maabara haviungi mkono sana dhana hiyo: dentini, ile sehemu ngumu inayounda mwili wa jino, haipishani sana kwa ugumu kati ya jino lililotibiwa na jino hai. Kinachopungua ni jino lenyewe. Mwaka 1989 watafiti Reeh, Messer na Douglas walipima ukakamavu wa magego madogo, yaani uwezo wake wa kutopinda yakikandamizwa, hatua kwa hatua. Kufungua njia ya kutibia mzizi peke yake kulipunguza ukakamavu kwa asilimia 5 tu. Tundu la kuziba lililo juu ya jino lilipunguza asilimia 20. Lakini tundu linalokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, likaondoa kingo zote mbili zinazogusana na meno jirani, lilipunguza asilimia 63. Kwa hiyo lililoua nguvu ya jino ni uozo na matundu ya zamani, kabla hata ya daktari kushika mzizi.

Kingo hizo zikishaondoka, vilele vya gego husimama kama kuta mbili zisizofungwa pamoja. Mtu mzima akikaza taya, magego yake huweza kupokea niutoni 500 hadi 700, sawa na uzito wa kilo 50 hadi 70. Nguvu hiyo ikishuka katikati, hufanya kazi ya kabari kwenye gogo: huzisukuma kuta nje, na ufa huanzia chini, kwenye kona ya sakafu ya tundu.

Hapo ndipo namba zilizoandikwa kwenye boksi la dawa zinapopotosha. Namba inayotangazwa sana ni ya kuhimili mgandamizo. Dentini huhimili megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 300 hivi. Amalgamu, ile silva ya kijivu, ikishakomaa hufika 400 au zaidi, na kompoziti, ile nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, huwa kati ya 250 na 350. Glasi ayonoma ya kawaida, saruji ya kuzibia inayoshika jino yenyewe, hufika 150 hadi 200. Dawa za muda za zinki oksaidi, hata zilizoimarishwa, hubaki kwenye 50 na kitu. Ukisoma hapo tu, utachagua amalgamu na kwenda zako. Ila amalgamu haishiki ukuta wa jino. Inajaza nafasi na kuacha vilele vijitegemee, na ikivutwa badala ya kukandamizwa, nguvu yake hushuka hadi takriban megapaskali 50 au 60.

Kompoziti ina faida ya kugandishwa kwenye jino, na hivyo hufunga kuta pamoja, mradi gundi imeshika kweli. Na hapa ndipo kazi huharibika. Hipokloraiti iliyooshea mizizi huacha oksijeni kwenye dentini, na oksijeni huzuia gundi kukomaa. Eujeno, ambayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu na imo kwenye dawa nyingi za muda na baadhi ya saruji za kuzibia mizizi, nayo huzuia. Karafuu hiyohiyo inayotuliza jino usiku wa manane ni adui wa kompoziti. Kwa hiyo gutapacha, ile mpira inayojazwa ndani ya mzizi, hukatwa hadi milimita 1 au 2 chini ya mdomo wa mzizi, mabaki ya saruji hufutwa kwa pombe, kuta husuguliwa upya mpaka dentini safi ionekane, ndipo huwekwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15, kuoshwa, na gundi. Mpira wa kutenga jino usiondolewe mpaka mwisho. Tone moja la mate linatosha kubatilisha yote.

Kisha kuna kunywea. Kompoziti ikikauka hupungua ujazo kwa asilimia 2 hadi 3, na ikiwa imeshika kuta zote kwa pamoja huzivuta ndani. Ndiyo maana hujazwa kwa tabaka za milimita 2, kila moja ikimulikwa. Chini ya shimo la gego taa iko mbali na nguvu yake hupungua, kwa hiyo tabaka la kwanza lipewe muda mrefu, hata mara mbili. Wanaojaza yote mara moja kwa kompoziti ya kawaida huacha chini laini na juu pagumu.

Glasi ayonoma isidharauliwe. Mbinu ya ART (kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment), ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na dawa hii ndiyo iliyoifikisha duniani. Kwenye tundu dogo la upande mmoja inafaa sana. Kwenye gego lililotibiwa mzizi ibaki kuwa kitako tu, si sehemu ya kutafunia.

Dawa yoyote itakayochaguliwa, gego lililopoteza kingo zake lifunikwe vilele. Vilele hukatwa angalau milimita 2 na kujengwa upya kwa dawa, au jino huvishwa taji, yaani kofia ngumu inayolifunika lote. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa 2002 ulikuta meno yaliyotibiwa mzizi bila taji yakipotea kwa kasi mara 6 ya yaliyovishwa. Taji nalo linataka ukanda wa jino halisi, lisilo dawa, wa milimita 1.5 hadi 2 juu ya fizi. Likikalia dawa tupu, litang'oka nayo.

Nguzo inayopigwa ndani ya mzizi haiimarishi jino, ingawa wagonjwa wengi huambiwa hivyo. Kazi yake ni kushikilia dawa pale ambapo hakuna ukuta uliobaki. Ya chuma cha pua ina ukakamavu wa gigapaskali (megapaskali elfu moja) 200 hivi dhidi ya 18 za dentini, na jino likizidiwa, mzizi ndio unaopasuka. Ya nyuzi za glasi hukaribia dentini zaidi, na mara nyingi hung'oka yenyewe kwanza. Gutapacha ya milimita 4 hadi 5 lazima ibaki kwenye ncha.

Meno ya mbele yaliyobaki mazima huhitaji kompoziti kwenye tundu la nyuma tu. Mwenye gego la dawa ya muda asilitafunie, na asiliache kupita wiki 2 au 3. Amalgamu mpya ipewe saa 24. Na kipele kidogo kinachorudirudi kwenye fizi ya jino lililotibiwa, hasa mahali ambapo kifaa cha daktari kinazama kwenye nafasi moja nyembamba kati ya fizi na jino, huweza kuwa dalili ya mzizi uliopasuka, hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu.