Dawa ya kutuliza si nusukaputi

Wengi wakiambiwa watapitishiwa kamera ya tumboni kupitia mdomoni (endoskopi), ikiwa kwenye ncha ya mpira mwembamba, huamini kwamba watazimishwa kabisa kwa nusukaputi, na kwamba wasipozimishwa mpira ule utawaziba pumzi. Yote mawili si kweli.

Mpira wa endoskopi, ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko kidole cha mwisho, hupita kwenye umio, yaani njia ya chakula. Njia ya hewa hubaki wazi. Kinachokera ni koo kutaka kutapika, ndiyo maana hupuliziwa ganzi.

Dawa ya kutuliza, mara nyingi midazolamu, hudungwa mshipani kwa kiasi kidogo. Unasinzia, lakini unapumua mwenyewe na ukiitwa unaitika. Ajabu yake ni kwamba hufuta kumbukumbu: mtu huapa alilala fofofo, kumbe alikuwa akimwitikia muuguzi muda wote! Nadhani uvumi huzaliwa hapo.

Kipimo chenyewe aghalabu hakizidi dakika 15. Pumua polepole kwa pua, acha mate yatiririke, usiyameze. Aliyetumia ganzi ya koo pekee huweza kuondoka mapema; aliyetulizwa asiendeshe gari kwa saa 24, hata akijiona mzima.