Damu ikikatika kichwani, kazi bado
Barazani Wete husemwa: aliyevuja damu kichwani akishazinduka, kapona. Si ajabu, donda la mguuni ndivyo liendavyo.

Lakini damu iliyomwagika kuzunguka ubongo haiondoki upesi. Tazama mkono uliovilia damu baada ya kugongwa na mlango: zambarau, kijani, mwisho manjano. Ni damu inavunjika. Kichwani, chembe nyekundu zikipasuka hutoa himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, nayo huinasa naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Basi mishipa hujikaza, hasa kati ya siku ya 3 na ya 14 tangu damu ivuje, ubongo hupungukiwa damu, na mtu aliyekuwa akiomba uji asubuhi jioni ulimi unakuwa mzito. Ndiyo sababu nimodipini, dawa ya kuukinga ubongo na madhara hayo, kwa kawaida hutolewa siku 21; karatasi ya dawa imeandika. Na daktari muulizeni: leo siku ya ngapi?