Maana ya "msaidizi wa kufanana naye", na swali la usawa wa mwanamke katika Ukristo

Uliza kama imani ya Kikristo inaunga mkono usawa wa wanawake, na utajibiwa na watu wawili walioshika Biblia ileile, tena wakianzia mstari uleule. Ni Mwanzo 2:18: "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Wa kwanza atakwambia, umesikia mwenyewe, msaidizi. Mwenye shughuli ni Adamu, Hawa kaja kumpunguzia mzigo. Wa pili atakwambia usikatie hapo, malizia: wa kufanana naye. Kila mmoja ameondoka na nusu ya mstari.

Kwa hiyo kabla ya kugombania usawa, afadhali tulifahamu hilo neno lenyewe.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, msaidizi ni mtu wa chini kidogo. Mwalimu msaidizi yuko chini ya mwalimu, mhariri msaidizi yuko chini ya mhariri, na tukisema "msaidizi wa nyumbani" hakuna anayedhani tunamtaja mwenye nyumba. Masikio yetu yamezoea hivyo, na tukilikuta neno kwenye Mwanzo tunaliingiza na cheo chake chote. Lakini mwandishi wa Mwanzo hakuandika Kiswahili. Aliandika Kiebrania, na neno alilotumia ni ezer.

Neno hili linapatikana mara 21 katika Agano la Kale. Mara mbili ni kwa mwanamke, hapo Mwanzo 2. Mara tatu ni kwa msaada wa wanadamu, kama Isaya 30:5 inayozungumzia taifa ambalo Yuda ilitegemea liiokoe na halikuweza. Zilizobaki, mara 16, zinamhusu Mungu mwenyewe. "Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi," inasema Zaburi 121, na msaada huo ni ezer. Musa alimwita mwanawe Eliezeri, na Kutoka 18:4 inaeleza sababu: Mungu alikuwa msaada wake, akamwokoa na upanga wa Farao. Kumbukumbu la Torati 33:29 inaliweka neno hilo pamoja na ngao na upanga. Kwa ujumla ni neno la mtu aliyezingirwa akapata wa kumtoa. Anayekushikia ndoo wakati wewe unajenga hayumo sana humo.

Na hata wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wasiojua Kiebrania wana ushahidi wao. Katika tafsiri ya Union Version, Yesu anawaahidi wanafunzi wake "Msaidizi mwingine" (Yohana 14:16), yaani Roho Mtakatifu. Neno la Kigiriki hapo ni jingine, sikatai, lakini Kiswahili kimetumia lilelile. Sijawahi kusikia mahubiri yanayosema kwamba Roho Mtakatifu, kwa kuwa ni Msaidizi, basi yuko chini ya Petro.

Hapa wengi hukimbia mbele kupita kiasi. Wanasema: kumbe ezer ni neno la Mungu, basi mwanamke ndiye mwenye nguvu na mwanamume ndiye dhaifu. Neno halisemi hivyo. Linasema tu kwamba anayesaidiwa alikuwa na upungufu ambao asingeweza kuuziba peke yake, na juu ya cheo cha anayesaidia linanyamaza. Upande wa pili nao una hoja ambayo si ya kupuuzwa: baba akimsaidia mtoto kufanya hesabu za shule, baba ni mkubwa, lakini hesabu ni za mtoto. Vivyo hivyo, wanasema, Hawa anaweza kuwa bora kuliko Adamu na bado kazi ikabaki ya Adamu. Hoja hiyo ingesimama imara kama mstari ungeishia kwenye "msaidizi". Ila hauishii hapo.

"Wa kufanana naye" ni tafsiri ya kenegdo, umbo ambalo haliko pengine popote katika Biblia ya Kiebrania isipokuwa mistari hii miwili, wa 18 na wa 20. Ndani yake mna neno neged, lenye maana ya mbele ya mtu, mkabala naye. Tukilifungua lote linakuwa kitu kama "anayelingana naye, uso kwa uso". Simulizi lenyewe linalithibitisha: wanyama wanapitishwa mmoja mmoja mbele ya Adamu, wanapewa majina, na hakuna hata mmoja aliyefaa. Angekuwa anatafuta wa kumbebea mizigo, ng'ombe angetosha.

Kisha unakuja ubavu. Neno la Kiebrania tsela kwingine hutumika kwa upande wa sanduku la agano na upande wa hema ya kukutania. Kiswahili kimebahatika hapa, maana ubavu kwetu ni mfupa na pia ni upande; anayesimama ubavuni pako hajasimama nyuma yako. Sura ya kwanza ilikuwa imeshasema neno pana zaidi: "kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba" (1:27), na agizo la kutawala viumbe linawaendea wote wawili kwa wingi.

Ikiwa maandiko yako hivyo, hiyo picha ya msaidizi mdogo imetoka wapi?

Sehemu kubwa imetoka kwa wasomaji. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alijiuliza Hawa alihitajika kwa msaada gani, akaona kwamba kama ni kulima au kuzungumza, mwanamume mwenzake angefaa zaidi; basi msaada wenyewe ni kuzaa. Thomas wa Akwino akairudia hoja hiyo katika karne ya 13, akiwa pia amechukua kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, dhana kwamba mwanamke hutokea pale ambapo uzazi haukufikia ukamilifu wake. Mtu huyohuyo aliandika kwamba mwanamke hakutolewa miguuni mwa Adamu ili asidharauliwe kama mtumwa, wala kichwani ili asimtawale. Ndiyo hali ya wanatheolojia wengi wa zamani: ukurasa mmoja unamwinua mwanamke, unaofuata unamkalisha chini. Tertuliano, mwandishi wa Kikristo wa mapema zaidi, alimwita mwanamke mlango wa shetani.

Sehemu nyingine imetoka Mwanzo 3:16, baada ya tunda kuliwa: "tamaa yako itakuwa kwa mumeo, naye atakutawala." Hapa ndipo mume anapotajwa kwa mara ya kwanza kuwa mtawala, na anatajwa katika orodha moja na uchungu wa kuzaa, miiba, jasho na mavumbi. Swali ni kama "atakutawala" ni amri au ni utabiri. Kitenzi cha Kiebrania hakikwambii, na -ta- ya Kiswahili nayo haikwambii. Mwaka 1838 Sarah Grimké, Mkwekeri wa Marekani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, aliandika kwamba ni utabiri: Mungu anaeleza ubaya utakaokuja, hauagizi. Alisema pia kwamba watafsiri, wakiwa wanaume waliozoea kutawala, waliisoma kama amri.

Miaka michache baadaye mstari huohuo ulizua mjadala kwingine kabisa. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza mwaka 1847 kutumia dawa ya usingizi kwa wanawake wanaojifungua, na mwaka huohuo ikambidi atoe kijitabu cha kuwajibu wanaosema kuzaa bila uchungu ni kupinga neno la Mungu. Mojawapo ya majibu yake linanifurahisha mpaka leo: Mungu mwenyewe, kabla ya kuutoa ubavu, alimletea Adamu usingizi mzito. Leo sijui kanisa linalokataza sindano ya ganzi wodini au dawa ya magugu shambani. Uchungu tumekubali kuupunguza na miiba tumekubali kuing'oa. Kilichobaki kulindwa kama agizo takatifu ni "atakutawala" peke yake, na kuna haja ya kuuliza kwa nini.

Hata hivyo nisingekuwa mkweli kama ningeishia Mwanzo. Wanaokataa usawa kamili wana Paulo, na Paulo hafutiki kwa kuchambua Kiebrania. "Enyi wake, watiini waume zenu" (Efeso 5:22). "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume" (1 Timotheo 2:12). Na mume ni kichwa cha mke.

Hapa inabidi kutenganisha aina mbili za usawa, kwa sababu mabishano mengi ni ya watu wanaotumia neno moja kwa vitu viwili. Kuna usawa wa thamani: kwamba mwanamke ni mfano wa Mungu kamili, ameokolewa kwa gharama ileile, na ni mrithi yuleyule. Leo karibu makanisa yote yanaukiri huu, hata yale yasiyompa mwanamke mimbari, na andiko lao ni Wagalatia 3:28, "Hapana mtu mume wala mtu mke. Maana ninyi nyote mmekuwa mmoja katika Kristo Yesu." Kisha kuna usawa wa madaraka: nani ataamua nyumbani, nani atafundisha na kuongoza kanisani. Hapo ndipo njia zinapoachana. Upande mmoja unasema thamani ni sawa, majukumu ni tofauti, nao huiita hali hiyo kukamilishana. Upande wa pili unasema thamani isiyofika kwenye maamuzi ni maneno tu.

Kuhusu "kichwa", wasomi wamevutana kwa miongo mingi kama neno la Kigiriki kephale linamaanisha mwenye mamlaka au chanzo. Sidhani kamusi itaumaliza mzozo huo. Kinachonishika zaidi ni mpangilio. Aristotle, karne nne kabla ya Paulo, alikuwa ameieleza nyumba kwa jozi tatu: mume na mke, baba na watoto, bwana na mtumwa. Efeso 5 na 6 inafuata jozi hizohizo. Ila inaanza na 5:21, inayowataka wote wanyenyekeane. Na katika nakala mbili za kale sana za Kigiriki mstari wa 22 hauna hata kitenzi, unakiazima kutoka huo wa 21. Kisha wake wanapewa maneno machache, na waume wanapewa mengi, yakiwataka wajitoe kama Kristo alivyojitoa, yaani mpaka kufa. Kichwa cha namna hiyo si kile ambacho wanaume wengi hukidai wanaponukuu mstari huu mezani. Na 1 Wakorintho 7:4, baada ya kusema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, inageuka na kusema mume naye hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Nusu ya pili hiyo ilikuwa ngeni sana masikioni mwa mwanamume wa karne ya kwanza.

Jozi ya tatu ni "Enyi watumwa, watiini" (6:5). Makanisa yameacha kuisoma kama idhini ya utumwa. Wanaotetea kukamilishana hujibu kwamba ndoa iliwekwa tangu uumbaji na utumwa haukuwekwa, na jibu hilo lina uzito. Lakini ukiliangalia, linaturudisha Mwanzo 2, kwa msaidizi wetu.

Matokeo ya mvutano huu yanaonekana kwenye milango ya makanisa. Kanisa Katoliki, kwa barua ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1994, linasema halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, ingawa papa huyohuyo aliandika mwaka 1988 kwamba utii wa Efeso 5 ni wa pande zote mbili. Kanisa la Uingereza liliwapa wanawake upadre mwaka huo wa 1994, na mwaka 2015 likamweka wakfu Libby Lane kuwa askofu wake wa kwanza mwanamke. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani waliandika katika ungamo lao la mwaka 2000 kwamba mume na mke wana thamani sawa mbele za Mungu, na humohumo wakaiweka kazi ya uchungaji kwa wanaume.

Nikiulizwa mimi, ningesema imani ya Kikristo ina mbegu ya usawa tangu ukurasa wake wa kwanza, na ina historia ndefu ya watu walioikalia mbegu hiyo. Paulo mwenyewe naona hatoshei vizuri upande wowote. Anayewaambia wanawake wa Korintho wanyamaze (1 Wakorintho 14:34) ndiye aliyetoka kuwapa utaratibu wa kusali na kutoa unabii mbele ya watu (11:5). Na ukifika mwisho wa waraka kwa Warumi, unakuta wanawake wamejaa: Prisila, Yunia anayetajwa pamoja na mitume, na kwanza kabisa Fibi wa Kenkrea.

Fibi anaitwa diakonos wa kanisa lake. Union Version inaandika "mhudumu", ilhali Wafilipi 1:1 neno hilohilo ni "mashemasi". Mstari unaofuata Paulo anasema Fibi amewasaidia watu wengi, naye mwenyewe akiwemo. Neno analotumia ni prostatis, la mtu mwenye nafasi anayesimama mbele ya wengine kuwalinda na kuwafadhili. Kiswahili kimeridhika na kusaidia. Na katika mstari huohuo Paulo anawaagiza Warumi, wanaume kwa wanawake, wamsaidie Fibi kwa neno lolote atakalohitaji kwao.