Hakuna Aliyekuja Usiku Kuizima Kompyuta Yako

"Fundi, hawa jamaa wameiua mashine yangu ili ninunue nyingine." Juzi nimeambiwa tena, na safari hii mwenye laptopu alikuja na tarehe kabisa: 14 Oktoba 2025, siku msaada wa Windows 10 ulipokoma. Nikaiwasha mbele yake. Ikawaka, polepole, huku diski ikitoa ule mlio wa tik, tik, tik. Diski ilikuwa inakata roho, na diski haijui Microsoft ni nani.

Tuelewane basi. Msaada ukiisha hakuna kinachozimwa. Kinachokoma ni viraka, yaani masasisho yanayoziba matundu ya usalama.

Sasa kuna wa upande wa pili, na hawa ndio wanaonimaliza: "Kama inawaka, iko salama. Si nina antivairasi?" Bosi wangu, sikiliza. Windows 10 na 11 ni ndugu wa damu, msimbo mwingi wa programu wanachangia. Kila Jumanne ya pili ya mwezi viraka vinatoka. Wadukuzi wanavifumua, wanalinganisha faili la jana na la leo, wanaona pameshonwa wapi. Kwa mwenye 11, tundu limezibwa. Kwa mwenye 10 asiyepata tena viraka, ameonyeshwa hadharani mahali lilipo. Antivairasi hukagua kilichoingia; haizibi kilipopitia.

Hapo lazima mtu ataje WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia Mei 2017, eti ndicho kilichowakomesha wa Windows XP. Sivyo. Mashine nyingi zilizonaswa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao ulibaki na msaada hadi Januari 2020. Kiraka kilikuwa nje tangu Machi! Wenyewe walibonyeza "nikumbushe baadaye". XP, iliyokuwa imeachwa tangu Aprili 2014, ikashonewa kiraka cha dharura vurugu zilipoanza. Kwa hiyo Microsoft wakitaka, wanaweza. Hilo nitalirudia.

Vingine hufa pembeni tu, bila tangazo. Chrome kwa Windows 7 iliishia toleo la 109. Vyeti vya usalama, vile vinavyoithibitishia kompyuta kuwa tovuti ni ya kweli, navyo vina umri: kimoja kikubwa cha mizizi, ambacho vyeti vingine vinakitegemea, kilifika mwisho 30 Septemba 2021, vifaa vya zamani vikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote. Ila kabla hujalaumu yeyote, angalia saa ya kompyuta. Niliwahi kuletewa moja "iliyofungiwa intaneti", kumbe betri ya CR2032 kwenye mazabodi (bodi kuu), inayotunza saa, imekwisha, mashine inaamini ni 2009, na kila cheti inakiona hakijaanza kutumika.

Je, hakuna makusudi kabisa? Hapo ndipo ujuaji wangu unapopungua. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta, na hoja yake naielewa: funguo za siri zikae mahali pake. Kinachonikwama kooni ni prosesa. Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, karibu zote za chini yake nje. Kati ya chache za kizazi cha 7 zilizosamehewa imo Core i7-7820HQ, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye Surface Studio 2 ya Microsoft wenyewe. Nimeweka Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ya kizazi cha 6, inakimbia. Mteja akiniuliza kama huo ni usalama au biashara, namjibu "vyote viwili", kisha nageukia bisibisi yangu.

Yule wa juzi nilimwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, laptopu ikawa nyepesi. Nikamuuliza kama nimwekee na Linux, mfumo wa bure usio wa Microsoft, kwa kuwa mashine yake haikidhi vigezo vya 11. Akataka kujua kwanza hiyo nayo itazimwa lini.

"Ubuntu, Linux mojawapo, toleo lake la LTS la msaada mrefu lina msaada wa miaka 5," nikamwambia.

Akaniangalia kama vile na mimi nalipwa na hao hao.