Pesa ya usajili si tunzo ya harusini

"Ile ya usajili iko pembeni, mkataba ni wa mshahara tu." Kila dirisha la usajili kauli hii inarudi, na kila likifungwa wanabaki wachezaji wanaofukuzia salio la maneno matupu. Pesa ya usajili, ile anayoahidiwa mchezaji wa soka kwa kusaini, ni malipo ya kazi kama mshahara ulivyo. Kiasi, sarafu, tarehe ya kila awamu na nani anabeba kodi viandikwe ndani ya mkataba uleule unaokwenda shirikisho. Visiachwe kwenye WhatsApp ya kiongozi ambaye uchaguzi ujao huenda hayupo.

Tuseme mkataba ni wa miaka 3: mshahara shilingi milioni 1 kwa mwezi, usajili milioni 36, awamu 3 za milioni 12 kila tarehe 1 Agosti. Agosti ya pili inapita kimya, ila mshahara unaingia. Utamsikia mtu akisema hapo mchezaji hana la kufanya maadamu mshahara unalipwa. Analo! Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinaruhusu kuvunja mkataba deni likifika mishahara ya miezi 2, na malipo yasiyo ya kila mwezi hupigiwa hesabu kwa uwiano. Milioni 12 za mwaka ni milioni 1 kwa mwezi, kwa hiyo miezi 2 ni milioni 2. Klabu inadaiwa milioni 12 nzima.

Wengi huharibu kwenye barua ya kuidai klabu kabla ya kuvunja mkataba. Iwe ya maandishi, itaje kiasi na tarehe kilipotakiwa kulipwa, na iipe klabu siku zisizopungua 15. Wapo wanaoandika siku 10 kwa sababu rafiki aliandika hivyo. Hizo ni za kifungu cha 12bis, cha madeni yaliyopita siku 30: kinaiweka klabu kwenye adhabu, lakini hakikupi ruhusa ya kuondoka. Ukisusa mazoezi kabla siku 15 hazijaisha, klabu ndiyo itakayokushtaki wewe. Usikae kimya pia kwa kuona haya kumdai bosi, maana FIFA haisikilizi shauri ambalo chanzo chake kimepita miaka 2.

Zipo kauli nyingine za kupotosha. "Milioni 36 ni milioni 36 mkononi." Kama mkataba hausemi ni kiasi baada ya kodi, hesabu PAYE, kodi inayokatwa kwenye malipo ya kazi. Tanzania kiwango cha juu ni asilimia 30 kwa kipato kinachozidi milioni 1 kwa mwezi.

"Mchezaji huru ni wa bure." Bure kwa klabu anayotoka. Kylian Mbappé alipokwenda Real Madrid mwaka 2024, PSG, klabu aliyotoka, haikulipwa ada ya uhamisho, na hapo ndipo mchezaji anapopata nguvu ya kudai dau kubwa la kusaini.

"Nikifeli vipimo vya afya mkataba unakufa." Kanuni za FIFA zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo au kibali cha kazi. Vipimo vifanyike kabla ya kalamu.

"Nikiongeza mkataba, deni la zamani linahamia mpya." Halihami lenyewe. Tafuta mstari unaosema pande zote hazidaiani, maana ukiusaini unaweza kulifuta deni lako. Mara nyingi uko ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi. Ama ufutwe, ama salio liandikwe hapohapo na tarehe yake.