Vitabu vya menejimenti: anza na kile chenye mtoto mnene

Kila nikimaliza mafunzo na masupavaiza lazima mmoja anivute pembeni, "mkuu, nitajie kitabu kizuri cha menejimenti". Zamani nilikuwa namwaga majina kumi kwa mkupuo, siku hizi natoa kimoja tu cha kuanzia, The Goal cha Eliyahu Goldratt, cha 1984, na huwa wananishangaa maana ni riwaya, mtu na mkewe wanagombana humo ndani.

Jamaa anaitwa Alex Rogo, meneja wa kiwanda kinachokufa, kapewa miezi mitatu akinyooshe la sivyo kinafungwa. Ila kilichonishika mimi ni pale anapowapeleka skauti matembezi porini. Wenye miguu myepesi wanachanja mbuga, huku nyuma kuna mtoto mnene anaitwa Herbie anahema tu, mstari unazidi kurefuka, mpaka Alex anashtuka kwamba kundi zima litafika saa atakayofika Herbie, basi anamweka mbele, begi lake linafunguliwa na mizigo wenzake wanagawana. Mwendo ukakolea. Akirudi kiwandani anaanza kumsaka Herbie wa huko, anakuta ni mashine, tena inakaa bure watu wakienda kula!

Nilikisoma nimeshachelewa. Niliwahi kuwa kwenye bekari moja, mikate ikawa haitoshi, tukaleta mashine ya pili ya kukandia unga, oveni ile ile moja. Donge likawa linapanga foleni, linaumuka kupitiliza, mkate unatoka umebonyea kama umekaliwa. Na ule ununuzi nilisaini mimi. Yaani Herbie wetu ni oveni halafu mimi namnunulia raba mpya yule anayekimbia mbele.

Ukishaielewa hiyo ndo uende kwa Andrew Grove, aliyekuwa bosi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, High Output Management, 1983. Anaanza na chai ya asubuhi, yai la kuchemsha dakika 3, tosti na kahawa, vyote vifike mezani pamoja vikiwa vya moto. Yai ndo linachelewa kuliko vyote kwa hiyo unapanga kwa kulifuata yai. Mama ntilie yeyote anaijua hii, maharage yanatangulia jikoni mchicha baadaye. Usiruke anaposema kikao cha wewe na mtu unayemsimamia, ajenda aandae yeye. Mimi wa kwanza alikuja mikono mitupu, tukabaki tunaangaliana.

Cha Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya menejimenti, The Effective Executive, cha 1967, kwa kuanzia soma tu ile sura ya muda. Anakwambia andika muda wako ulivyokwenda kweli, usitegemee kumbukumbu. Nikaandika wiki nzima, nikakuta asubuhi zangu zote zinaishia kusaini vibali vya geti, magari yamejipanga nje, madereva wanapiga honi wananisubiri mimi. Nilikuwa namtafuta Herbie kwenye mashine kumbe kakaa kwenye kiti changu. Sasa hivi anasaini mtu wa stoo.